Macho ya Walinzi wa Maduhu

Maduhu hakuwahi kumpa mtu hata maji ya kunywa bure. Kwa hiyo Bujiku aliposikia kwamba tajiri wake ametoa chumba cha stoo kwa mpima macho kutoka Shinyanga, bila kodi, alijua kuna jambo.

"Tena anapima wanajeshi wastaafu tu," alisema Marwa, mlinzi mwenzake. Walikuwa wamesimama getini wakibadilishana zamu.

"Wanajeshi wastaafu hapa Rwamgasa ni akina nani?"

"Si ndiyo sisi walinzi."

"Haya. Umeshajijibu."

Walikuwa sita, wote wamelitumikia jeshi mpaka wakastaafu, na sasa wanalinda duara la Maduhu, yaani shimo la dhahabu na uwanja wake. Miezi ya karibuni viroba vya mawe ya dhahabu vilikuwa vinapungua bila maelezo. Maduhu alianza kuwatazama walinzi wake usoni, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

Na Bujiku alikuwa na la kuficha. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Lilianza kama moshi mwembamba, likaendelea hivyo hivyo mpaka likawa halioni kitu ila mwanga. Alihamishia bunduki bega la kushoto, na aliyeuliza alijibiwa kwamba bega la kulia linauma. Nyumbani Samuye kulikuwa na wajukuu watatu wanaokula kwa mshahara huu. Mlinzi wa jicho moja machimboni hafiki mwisho wa mwezi.

"Wewe tangulia," alimwambia Marwa. "Shika herufi zote za lile bango la kupimia macho, kuanzia juu mpaka chini, uniletee."

"Afande, huo ni upelelezi."

"Ni upelelezi ndiyo. Nenda."

Marwa aliingia, akakaa kidogo, akatoka anatabasamu. Walisimama nyuma ya choo, akamkaririsha mstari kwa mstari. Bujiku alizishika kama alivyoshika namba yake ya jeshi, ambayo mpaka leo angeitaja usingizini.

Mpima macho aliitwa Philomena. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, koti jeupe limeshachafuliwa na vumbi jekundu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Andika jina hapa, kisha ukae."

Bujiku aliandika jina, akakaa. Philomena alimpa kijiko cha plastiki azibe jicho la kushoto. Dunia ikazama kwenye maziwa. Hakuliona bango, hakuona hata ukuta. Akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya gwaride, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, bila kukwama.

Kalamu ilikwaruza karatasi.

"Umesoma vizuri sana," Philomena alisema. "Umesoma mpaka herufi ambazo hazipo."

"Unasemaje?"

"Mistari miwili ya chini umekosea. Na aliyetoka sasa hivi amekosea vile vile, herufi kwa herufi. Halafu bunduki unabeba bega la kushoto, lakini jina umeandika kwa mkono wa kulia. Niruhusu niangalie hilo jicho, baba."

Bujiku alimlaani Marwa kimoyomoyo. Philomena alimulika jicho kwa kurunzi ndogo, akasogea karibu mpaka pumzi yake ikasikika.

"Ni mtoto wa jicho. Kukomaa ameshakomaa. Hospitalini wanamtoa, na kwa ninavyoliona jicho hili, naamini litaona tena."

"Utamwambia Maduhu?"

Philomena aliinamia kurunzi yake, na Bujiku akapata alichokuwa anakitafuta.

"Amekuomba majina," alisema.

"Ameomba. Ya wasioona. Alisema hiyo ndiyo shukrani ya chumba."

"Ukakubali."

"Nilinyamaza."

"Ng'wanone, mwanangu, kunyamaza mbele ya Maduhu ni nini kama si kukubali?"

Philomena aliketi juu ya sanduku la miwani. "Nilianza na mkutano wa wastaafu wenzenu kule Ibadakuli. Wakaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema sijatumwa. Wakasema basi huyo ndiye wa hatari zaidi, wakanitoa nje. Nilijua wengi wenu mko machimboni mnalinda, macho yanakufa kidogo kidogo na hakuna anayewauliza. Huku mlango uliofunguka ni huu mmoja."

"Maneno mazuri. Maneno mazuri nimeyasikia mengi." Bujiku alisimama, akafungua mlango. "Toka nje ukayaseme mbele yake. Hapo ndipo nitakujua."

Binti alimtazama, akafuta mikono kwenye koti, akatoka.

Maduhu alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, walinzi wengine wamesimama karibu.

"Bosi," Philomena alisema, "yale majina sikupi. Mgonjwa akitaka, atasema mwenyewe."

Maduhu alicheka kwa pua. "Basi toa vitu vyako stoo kwangu."

"Navitoa."

Akageuka kweli kwenda kuvitoa. Bujiku alisimama pale jua likimchoma utosini. Kama ulikuwa mchezo wa kupangwa, ulichezwa vizuri mno. Aliwatazama walinzi wenzake, na wao walikuwa wakimtazama yeye, kama zamani jeshini wakisubiri amri.

"Marwa! Kamsaidie kubeba. Bango litundikwe pale, ukutani kwa mama ntilie."

Lilitundikwa. Bujiku alivuta kiti cha mama ntilie mpaka mahali ambapo Maduhu angesikia kila neno, akakaa, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe.

"Soma, afande," Philomena alisema taratibu.

"Sioni kitu. Andika hivyo. Jicho la kulia, hakuna kitu."

Maduhu aliinuka. "Weka bunduki chini, mzee. Kazi imeisha."

Bujiku aliiweka chini, akaondoa mkono jichoni. Hapo ndipo alipomwona Marwa naye anaweka ya kwake pembeni.

"Wewe vipi tena?"

"Ile mistari ya chini, afande," Marwa alisema, akikuna kichwa. "Niliibuni. Sikuiona."

Mwingine akacheka, kisha akaacha kucheka, akaja kusimama nyuma ya Marwa. Bunduki yake nayo ilikuwa chini. Wakawa wanne, wakawa sita. Maduhu alitazama zile bunduki mavumbini, akatazama rundo la viroba, akatazama jua limefika wapi. Usiku ungefika bila mlinzi hata mmoja. Hakurudia lile neno la kazi kuisha. Alikaa tena kwenye kiti chake, polepole.

Bujiku alimgeukia Philomena.

"Sasa wewe binti, huyo daktari wa kutoa mtoto wa jicho ni nani? Na yeye katumwa na nani?"