Amri Iliyoitwa Morag

Daktari alikuwa ameshasema wasitegemee kesho. Morag Leith aliketi hospitalini kando ya kitanda cha mumewe, kompyuta mapajani, analia bila kujificha.

Ewan alikuwa ameomba kitu kimoja tu: akishike kitabu chake cha kangaga, mimea ya kivulini isiyotoa maua, kabla hajafa. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa, ila kompyuta ilikataa kukitoa. Ewan hakuandika kama watu wengine. Katikati ya maneno yake alitia amri za kuiambia kompyuta ipange vipi ukurasa. Nyingi alizibuni mwenyewe, na maana zake akaziweka katika faili dogo la peke yake. Asubuhi ile Morag, akisafisha kompyuta, alilifuta akidhani ni takataka. Sasa kila alipojaribu kukitoa kitabu, kompyuta ilimjibu vilevile: amri haijulikani.

"Ewan, mpenzi wangu, amri ya 'mvua' inafanya nini?"

Midomo ya Ewan ilitikisika bila sauti. Kisha kiganja kikainuka, kikaegemea upande.

"Anataka kugeuzwa?" aliuliza Siale, muuguzi kutoka visiwa vya Tonga aliyemhudumia Ewan tangu akiwa nyumbani.

"Hapana! Mvua ya hapa Dunedin umeshaiona ikianguka wima? Ni herufi za kulala!"

Akaandika. Majina ya mimea yakalala.

"Na 'Bessie'?"

"Si lile jibwa lenu lililokula soksi zangu?" Siale alidakia.

"Ndiye. Alikuwa analala wapi siku zote?"

"Chini ya meza, mwizi yule."

"Basi ni maelezo ya chini ya ukurasa."

Ikabaki moja, iliyotapakaa kitabu kizima. Iliitwa "Morag".

"Mimi umenipa kazi gani humu? Ewan! Nionyeshe!"

Mkono haukuinuka tena. Morag alimtikisa bega.

"Mama, mwache apumue."

"Labda ni herufi nene. Si nina kelele?"

"Kelele unazo. Lakini mzee asingethubutu kukuita mnene."

Alijaribu hata hivyo. Kurasa zikajaa weusi kama zimepakwa masizi. Akafuta. Akaiambia kompyuta amri ile isifanye lolote, na hapo kitabu kikatoka.

Alikipitia haraka, na hakukipenda. Majina ya mimea yalikuwa ya maneno mawili mawili: neno la kwanza lilibaki mwisho wa mstari, la pili likaangukia mstari wa chini. Tarakimu ya urefu ilikuwa huku, mita zake kule. Akarudi kwenye maandishi ya Ewan. Kila maneno mawili yalipoachana, katikati palikuwa na amri yenye jina lake.

Morag aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaandika maana yake: maneno haya mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari.

Mistari ikajipanga upya. Kila neno likashuka kumfuata mwenzake.

Alikimbilia mashine ya kuchapa iliyokuwa koridoni, akarudi na kurasa za kwanza zingali na joto, akazitia chini ya mkono wa Ewan na kuukandamiza kwa mkono wake.

"Ni kitabu chako, Ewan. Kishike. Nimejua kazi yangu."

Siale alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa pili wa Ewan. Alikishika muda mrefu kuliko kawaida yake, akitafuta mapigo.

"Mama," alisema taratibu.

Morag hakugeuka.

"Subiri kidogo, Siale," alisema. "Bado kurasa zinatoka."