Lami Chini ya Viatu

Kepher hakuwa na kazi, hakuwa na jino moja la mbele, hakuwa na kiwiko kisicho na kovu, na hakuwa na subira. Siku hizo hakuwa hata na mahali pa kutelezea. Ngazi alizozizoea mjini Kericho zilizungushiwa seng'enge, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa wakipaka nta ya mshumaa kwenye chuma cha kushikilia na kushuka juu yake kwa viatu vya magurudumu. Viatu hivyo walivitoa kwenye mitumba, wakang'oa magurudumu ya katikati ili kiatu kikae sawasawa juu ya chuma. Walikuwa vijana sita wenye sheria moja. Mtu akianguka, wote husimama, humcheka mpaka ainuke, ndipo huendelea. Hakuna anayeachwa chini.

Fancy, msichana pekee kati yao, aliwaambia kwamba kwao, juu ya Kiptere, kituo cha kununulia majani chai kina vyuma imara vya kutundikia magunia. Wakaenda Jumamosi. Mvua za El Nino zilikuwa zimeigeuza barabara ya kupanda kituoni kuwa uji mwekundu. Wengine walining'iniza viatu shingoni wakatembea. Kepher alichoka kuchomoa miguu matopeni. Alikaa juu ya jiwe, akavaa viatu vyake, akasimama.

Lami ikatokea chini yake. Ilikuwa lami nzuri, nyeusi, yenye kipande cha mstari mweupe. Alipokwenda ilikwenda naye, na alipopita ilikaa kidogo, kisha ikarudi kuwa matope.

"Kumbe ndiyo hii," alisema Fancy. "Baba alituambia barabara ya lami ilifunguliwa. Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakala mbuzi, wakaenda."

Baba yake, Mzee Johana, alikuwa mwenyekiti wa kituo. Asubuhi hiyo alisimama kando ya magunia akinusa majani yaliyochumwa jana. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama huko chini tena, na majani yalikuwa yameanza kupata joto ndani ya magunia. Yakigeuka mekundu, kiwanda hakiyapokei, na jasho la wachumaji hutupwa shimoni. Mzee aliitazama lami ikipanda mlima chini ya miguu ya kijana.

"Wewe kijana, upana wake ni huo tu?"

"Mzee, mimi ni mtu mmoja."

"Basi ita wenzako."

Walishuka mpaka lilipokwama lori, wakajipanga mbele yake safu mbili, watatu kila upande, kulingana na matairi. Robert, dereva, aliwafuata kwa karibu, akipiga honi kila walipopunguza mwendo. Majani yalifika kiwandani yakiwa mabichi. Kuanzia siku hiyo vijana walihamia kwa Mzee Johana, na kila lori lilipokuja walitangulia. Vyuma vya kituo walivitazama tu wakipita.

Tatizo lilikuwa ile sheria yao. Siku moja Clifford alianguka kwenye kona. Wote wakasimama.

"Maze, umebusu lami ya serikali!" alipiga kelele Fancy. "Imekujibu nini?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Waliposimama, lami nayo iliondoka, na lori likazama hadi ekseli.

"Nyinyi mnacheka nini?" Robert alifoka dirishani. "Kwani mko na akili kweli?"

"Pole, dere. Ni sheria."

Mzee Johana alikuja na jembe na mabuti. "Hamuwezi kuendelea," aliuliza, "halafu mumcheke jioni?"

"Jioni haitachekesha, mzee," alisema Kepher.

Wakachimba mpaka jua likaelemea magharibi. Magunia yalipofunguliwa, majani yalikuwa mekundu, na Tecla, mjane aliyechuma mengi kuliko wote, aliyamwaga mwenyewe shimoni bila kumtazama mtu.

Kepher hakulala vizuri baada ya hapo. Alitaka barabara ijengwe ili Tecla asimwage majani tena, na yeye arudi kwenye vyuma. Alienda ofisi ya barabara, akakaa kwenye benchi kila siku mpaka injinia mmoja akakubali kuja kuona.

"Mzee, mwache akwame," Kepher alimsihi Johana asubuhi ya ugeni. "Akwame kabisa. Aingie na soksi zake."

"Mgeni akwame akija kwangu? Afike kwangu na matope? Watu wa Kiptere watasema mimi ni mtu gani?"

Mzee aliamuru vijana wampokee mgeni kule chini. Walitangulia mbele ya gari lake mpaka mlangoni. Injinia alishuka na viatu vinavyong'aa, akanywa mursik, maziwa yaliyoganda kibuyuni, akayasifu.

"Barabara yenu ni nzuri," alisema. "Mnalalamikia nini?"

"Tazama nyuma yako, bosi," alisema Kepher.

Injinia hakugeuka. "Mimi nimekuja kukagua barabara, sikuja kukagua matope."

Wakamsindikiza mpaka chini, kwa kuwa mgeni husindikizwa. Kabla ya kuondoka aliteremsha kioo cha gari, akawaonya kwamba si vizuri kuchezea barabara ya umma.

Kufikia Agosti magurudumu yao yalikuwa yamelika, yamekuwa membamba kama vifungo vya shati, na lami yenyewe ilianza kutoka na mashimo. Kamati ya kituo ilikutana. Kepher, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri, alipewa kalamu, akaanza kuandika kwamba wananchi wanaomba barabara.

"Futa," alisema Mzee Johana.

"Kwa nini, mzee?"

"Barabara tunayo. Tumekwisha kuambiwa. Ukiomba tena watasema sisi ni watu wasioshukuru. Andika magurudumu."

"Mzee, wewe unasikia unachosema?"

"Nasikia sana. Andika: kwa ajili ya matengenezo."

Kepher alimtazama Tecla, aliyekuwapo, akitaka aseme neno. Tecla alisema, "Waambie wafanye haraka, mwanangu. Majani hayangoji."

Akaandika. Mzee aliisoma barua mara mbili akifuata mistari kwa kidole, akaongeza salamu, akalamba gundi ya bahasha na kuikandamiza kwa ngumi. Ilikuwa ya kwenda ofisi ile ile ya barabara. Robert aliipokea dirishani aiposti mjini, akawasha injini, akapiga honi. Kepher akafunga kamba za viatu, akatangulia.