Boti Isiyotia Nanga Ng'ambo

Simu ilimkuta Mama Pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka ya wageni yamemrundikia hadi kifuani. Aliyepiga ni mkwewe, mume wa binti yake.

"Mama, mtoto amezaliwa salama. Lakini mwenzangu damu haikatiki. Kundi lake ni la nadra, hospitali hawana. Ni wewe tu mama unayelingana naye."

"Nakuja," akasema. Akachomoa pasi, akatoka mbio na aproni kiunoni.

Hospitali iko ng'ambo ya ghuba. Basi la watalii hufika huko, lakini huizunguka ghuba nzima likisimama kila penye kupigiwa picha. Pikipiki nazo hupita njia hiyohiyo, na msimu wa likizo barabara huziba kama pua yenye mafua. Ikabaki boti.

Watu wa pale hawasomi ubao gatini, hutazama rangi. Boti ya buluu ndiyo ya kuvuka, mwaka nenda mwaka rudi. Mama Pasi aliikuta ya buluu inafungua kamba, akaruka ndani akimshukuru Mungu.

Alikuwa amesahau msimu. Mwezi wa likizo, boti ile ya buluu hukodishwa kutembeza wageni, na kuvusha watu huachiwa boti kuukuu nyeupe. Paa la hospitali lilipokwisha kuonekana, boti ikakata kona kuelekea bahari kuu.

"Nahodha, mwanangu, mbona unapita?"

"Hii ya kutazama pomboo, mama. Haitii nanga ng'ambo. Tunarudi jioni."

Akanyoosha kidole kwenye lile paa. "Binti yangu anakufa pale! Si unapaona?"

"Napaona. Lakini gati lile mwezi huu si letu. Nikiligusa tu, leseni imekwenda."

"Na sisi tumelipia pomboo," akanung'unika mzee mmoja mwenye kofia pana.

"Leseni utapewa nyingine," Mama Pasi akamwambia nahodha. "Mwana nitapewa na nani?"

Nahodha akazima mashine.

Karibu na hapo vilikuwa vinaelea vijiboti vya kukodi, vile vya kukanyaga kama baiskeli, vyenye umbo la bata. Kimoja kilikuwa na maharusi waliokuja fungate. Mama Pasi akawapungia aproni, akalia, akawaeleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Mola wangu, usininyime hawa.

"Viti ni viwili tu, mama," bwana harusi akasema.

"Si jana ulijisifu unajua kuogelea?" mkewe akamkata. "Haya, samaki wangu, ruka!"

Akaruka. Mama Pasi akashushwa kitini mwake, na wale wanawake wawili wakakanyaga. Bata alikwenda kwa kujivuta, kichwa kikiyumba kana kwamba anakataa. Mama Pasi alikanyaga hadi magoti yakawaka moto, midomo ikiomba, macho hayabanduki kwenye lile paa. Chombo kilipogusa mchanga hakungoja kusimama. Alikimbia ndani ya maji ya magotini, viatu vikabaki huko.

Muuguzi alimshika mkono, akaweka vidole kwenye mshipa, akatikisa kichwa.

"Moyo unakwenda mbio mno. Nikikutoa damu hivi utaanguka, nami nitakuwa na wagonjwa wawili. Kaa. Tulia kwanza."

"Nitulie? Mwanangu yuko nyuma ya mlango ule!"

"Ndiyo maana, mama. Tulia."

Mkwewe alikuwa amesimama ukutani na kichanga kifuani. Mama Pasi akakaa. Mbio alikuwa ameziweza. Kutulia ndiko kulikomshinda. Nyuma ya mlango akasikia mtu akiitisha vitambaa vingine, upesi. Akafumba macho. Akaacha kuomba haraka haraka, akaomba neno mojamoja, kama mtu anayekunja shuka, pembe kwa pembe.

Muuguzi akagusa tena mshipa. Akangoja. Akamfunga mpira mkononi.

"Toa yote," Mama Pasi akasema, bila kufumbua macho.

"Hatutoi yote, mama."

Sindano ikaingia.