Mbuzi wa Mzee Onesphory

Mwaka ule niliitangaza Noeli yangu mapema, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mara tu tuliporudi kanisani. Nilisimama uani katikati ya majiko ya watu nikasema kwa sauti ya kusikika vyumba vyote: sikukuu ile asipike mtu, nyumba nzima itakula kwangu. Polycarp, mume wangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anavua viatu vya kanisani. Akaitikia kwa kichwa. Ninalisema hilo mapema kwa sababu baadaye alijaribu kulisahau.

Nilikuwa na haki ya kutangaza. Katika nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Wakristo tulikuwa sisi tu, na toka tuhamie tulikuwa tumekula Idi za wenzetu mpaka nikaanza kuona haya. Idi ikifika, sinia la pilau linaingia chumbani kwetu hata kanga sijaifunga sawasawa. Bi Zamzam, mwenye nyumba, alikuwa haketi kula mpaka aulize kama kwa Mama Theo kumeshapelekwa. Na sisi Noeli zetu zilikuwa za kinyonge, wali na samaki, mlango umerudishwa. Mchaga sikukuu yake iko mlimani, na Polycarp alikuwa hapandi mlimani mwezi wa Desemba. Alikuwa anauza viazi na vitunguu kwa jumla pale sokoni. Mji mzima unanunua, yeye aache meza yake aende kunywa mbege?

Kwa hiyo nilijipanga. Vitambaa vya gauni langu na la binti yetu Theopista nilivipeleka kwa Kitwana, kaka yake Bi Zamzam, aliyekuwa na cherehani yake barazani. Polycarp akaniletea majani ya migomba yaliyofungia ndizi za sokoni, nikajenga pango la Mtoto Yesu kwenye pembe ya chumba, nikaweka na taa ya kibatari. Kila jioni tulisali rozari mbele yake. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia mlangoni, na mimi niliwaambia waingie.

Wiki ya tatu ya Majilio akaja baba mkwe wangu.

Hakuwa ametuarifu. Tulimwona tu anaingia uani, Mzee Onesphory mwenyewe, koti lake zito la mlimani mwilini na jasho linamchuruzika, na nyuma yake kamba, na mwisho wa kamba mbuzi. Alikuwa mbuzi wa kunoneshwa ndani ya nyumba, wale wasiojua malisho wala jua, mnene hata kutembea kwake shida. Wamepanda wote wawili basi la kutoka Moshi.

"Shikamoo baba," nikamwambia, nimepiga goti.

"Marahaba, Mama Theo." Akamtazama mwanawe. "Polycarp hataki kuja nyumbani Noeli. Basi nimeileta Noeli kwake."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Mama mkwe alikuwa ametangulia mbele za haki kabla Theopista hajazaliwa, na mzee alikuwa amekula sikukuu kadhaa peke yake katika nyumba ile kubwa. Tena nilikuwa nimetangaza karamu bila mbuzi, na mbuzi ameletwa mpaka mlangoni. Nilimfunga uani mwenyewe. Kabla ya magharibi alikuwa ameshatafuna ukingo wa mkeka wa Bi Zamzam, na Bi Zamzam akacheka tu, akasema mgeni halaumiwi.

Siku zilikwenda vizuri mpaka jioni moja mzee alipoketi barazani, karibu na cherehani ya Kitwana, akawa anampangia Polycarp mambo ya sikukuu.

"Tukitoka misa nitamshika mwenyewe," akasema. "Nitambana pumzi kama alivyokuwa anafanya babu yako, damu isipotee. Mama Theo akinge vizuri. Toka mama yenu alale sijanywa kisusio cha maana."

Kwa asiyejua, kisusio ni supu ya damu na matumbo, na mbuzi wa sikukuu kwetu huuawa hivyo: huzibwa mdomo na pua mpaka akate roho, ndipo shingo itobolewe na damu ikingwe bakulini. Mimi nimekulia kwenye supu hiyo na ni tamu. Lakini cherehani ya Kitwana ilinyamaza. Nilikuwa mlangoni, nikaona Polycarp anamwitikia baba yake kwa kichwa, kichwa kilekile alichoniitikia mimi. Mume wangu alikuwa hana ubaya wowote, ila alikuwa anamkubalia kila mtu.

Jioni ileile Bi Zamzam akaja chumbani kwangu. Hakuketi.

"Mama Theo, usijisumbue na sisi. Mzee amekuja na desturi yake, mwache afurahi. Sisi tutakuja tutakula wali mkavu, tutakunywa na chai. Karamu ni watu."

Alisema kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Nyama ya mbuzi aliyebanwa pumzi kwake ni kibudu, haigusi, na hakutaka hata nione kwamba ninamnyima. Nilijiona mtu wa ovyo. Nimekula pilau zake zote zile, halafu siku yangu ikifika ale wali mkavu huku ananusa nyama yangu?

Polycarp aliporudi ndani nilimwambia amweleze baba yake kwamba mbuzi atachinjwa na Kitwana.

"Siwezi kumwambia baba maneno hayo," akasema. "Tununue kuku. Kitwana awachinje kuku, wenzetu wale kuku."

"Kuku wa pembeni, kama wagonjwa?"

"Severa, yule ni baba."

"Na wewe umewakaribisha. Nilikuona ukiitikia."

Akaanza kusema hakumbuki. Nikamwambia alale, nitasema mwenyewe.

Kwetu mkwe hamkabili baba wa mumewe hivihivi. Anapitia kwa mume, au kwa shangazi, au ananyamaza. Mimi mume wangu alikuwa amelala, shangazi yuko Kilema kule mlimani, na kunyamaza sijajaliwa. Kesho yake, baada ya rozari, mzee akiwa bado amekaa mbele ya pango, nikapiga goti.

"Baba, nina ombi. Mbuzi achinjwe na Kitwana."

Polycarp alijishughulisha na utambi wa kibatari. Mzee hakugeuka.

"Mbuzi huyu nimemlisha kwa mkono wangu toka masika," akasema. "Nimempakata kwenye basi kama mtoto. Halafu kisu nimpe fundi cherehani?"

"Ndiyo, baba."

"Baba yangu alimshika mbuzi wa Noeli, na mimi nimemshika. Sijawahi kuambiwa na mwanamke nani ashike."

"Nijibu moja tu, kisha nitanyamaza. Mwanamke wa ukoo wenu akizaa, fungu la aliyemlisha uzazini ni lipi?"

Swali la mafungu hakuna mzee wa kwetu asiyelijibu, hata awe na hasira namna gani. Mbuzi ana viungo vyake na kila kiungo kina mwenyewe, na anayegawa asipojua si mzee bali mtu mzima tu.

"Ubavu wa kulia," akasema. "Ni wa mama mkwe. Yeye ndiye anayemlisha mzazi."

"Theopista amezaliwa mama hayupo. Unajua nani alinilisha?"

Hapo akageuka.

"Bi Zamzam," nikamwambia. "Alinikanda maji ya moto asubuhi na jioni. Alinipikia mtori wa ndizi, baba, na mtori alikuwa hajawahi kuuona. Alimwuliza Polycarp unavyopikwa, Polycarp naye hajui, basi akaupika na nazi. Niliunywa. Arobaini yangu yote sikushika ufagio wala ndoo. Ubavu wa kulia ni wake, na hajapewa mpaka leo. Sasa ukimbana pumzi yule mbuzi, ubavu wake hawezi kuutia mdomoni. Utakuwa umempa, au hukumpa?"

Theopista alikuwa anajaribu kumlisha kondoo wa udongo jani la mgomba, na hakuna aliyemkataza.

"Na kwetu," nikamalizia, "mtu aliyenyimwa fungu lake tunasemaje?"

"Tunasema mgawaji ameiba," akasema mwenyewe. Kisha akasema, "Nenda kalale."

Siku zilizobaki hakunisemesha zaidi ya salamu. Rozari aliiongoza haraka, na mbuzi alimlisha mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Polycarp akawa ananitazama kama mtu aliyevunja chungu cha jirani. Mimi nikaendelea kupepeta mchele kwa ajili ya nyumba nzima. Nilijua nimesema kweli, na nilijua mzee wangu ni mtu wa haki. Wasiwasi sikuwa nao. Basi, nilikuwa nao kidogo, hasa nikisikia cherehani ya Kitwana inavyokwenda polepole.

Siku ya Noeli tulikwenda misa Mtakatifu Yosefu kwa miguu, mimi na Theopista tumevaa magauni ya kitambaa kimoja, mzee na koti lake. Waumini walijaa mpaka nje. Niliomba maombi mafupi kwa sababu Mungu alikuwa anajua habari yote. Tuliporudi watu wa nyumba walikuwa wamevaa vizuri, lakini wamekaa milangoni kwao, hakuna aliyesogea uani. Kitwana alikuwa barazani amevaa kanzu, ameinamia cherehani isiyo na kitambaa.

Mzee akavua koti. Akamfungua mbuzi, akamleta katikati ya uani, akatoa kisu chake kiunoni. Kisha akaita.

"Kitwana. Njoo, bwana. Mimi nitashika miguu."

Kitwana akaja na kanzu yake, akaipandisha magotini, akamgeuza mbuzi kuelekea kibla. Mzee akashika miguu kwa mikono yote miwili. Ikasemwa Bismillahi, na damu ikamwagika ikanywewa na mchanga. Nilimwona mzee anavyoitazama inavyozama, na nilimwonea huruma kwelikweli. Kisusio chake cha mwaka mzima kilikuwa kinakwenda, na alikuwa amekishikia miguu.

Kuchuna na kukata hakumwachia mtu. Viungo vikubwa tukavichoma kwenye makaa uani, kichwa na utumbo nikavitia sufuriani, na milango yote ya nyumba ikafunguka yenyewe kwa ile harufu. Bi Zamzam alileta nazi zake bila kuulizwa, akakuna pamoja nami, wali ukapakuliwa kwenye masinia, mikeka ikatandikwa mpaka kwenye bomba la maji.

Nyama ilipoiva mzee aliketi kwenye kigoda mbele yake. Akakata ubavu wa kulia, akasimama nao, akamfuata Bi Zamzam alipoketi na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Mke wangu angekuwapo, kiungo hiki kingekuwa chake," akasema. "Lakini mjukuu wangu alipozaliwa aliyekuwapo ni wewe. Kimechelewa. Unisamehe."

Bi Zamzam alijifunika uso kwa upande wa kanga. Mwanamke aliyezika mume na kujenga nyumba ya vyumba sita, na siku ile analizwa na ubavu wa mbuzi. Mimi nililia waziwazi na sikuona haya.

Mzee akarudi kwenye kigoda, akaweka kisu juu ya paja la mbuzi, akasita. Akawatazama watu waliokaa mikekani, mmoja mmoja. Kule mlimani angekuwa amekwisha maliza, huyu mjomba, huyu ndugu mdogo, huyu mkwe. Hapa alikuwa hamjui mtu. Nikaona mkono wake unazunguka juu ya nyama kama wa mtu anayetafuta mlango gizani.

"Mama Theo," akaniita. "Njoo."

Nikaenda. Akanipa kisu, mpini mbele.

"Mimi hawa siwajui. Wewe ndiye unayewajua wenyewe wa mafungu."

Kwetu mwanamke hagawi mbuzi wa Noeli. Nilijifunga kanga kiunoni, nikaketi, nikagawa. Na sikugawa kimyakimya. Paja la kulia ni la Kitwana, aliyemkimbilia mkunga usiku wa mvua. La kushoto ni la mama Sitara wa chumba cha nyuma, aliyemnyonyesha Theopista nilipopata homa. Mkono huu ni wa Safari mpiga rangi, anayetuamulia tukigombana. Kila mmoja nilimtaja na kazi yake, na mzee alikuwa anasikiliza, anarudia majina kwa sauti ndogo kama mtu anayejifunza katekisimu.

Mwisho kikabaki kidari. Nikakiweka kwenye sahani peke yake, nikamsogezea yeye.

"Na hiki cha nani?" akaniuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Cha baba wa nyumba."

Akaitazama mikeka kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba. "Nyumba hii yote?"

"Yote, baba."

Akaipakata ile sahani. Kisha akavuta kigoda mbele, karibu na watu, akaanza kukikata kile kidari vipande vidogovidogo, akasema watoto waitwe kwanza.