Glasi za Bibi Harusi

Bi Kimya, mpishi wa bweni la shule, alikuwa na vidole vilivyokufa ganzi. Alishika sufuria la moto bila kitambaa, na wenzake jikoni wakamtania kwamba huyu si mtu, ni mwiko. Hakukasirika. Hasira alimwachia mumewe, ambaye enzi za uhai wake alikuwa nayo ya kutosha nyumba nzima.

Mume yule alikuwa akirusha vyombo ukutani. Basi nyumba ikawa ya plastiki tupu, sahani, vikombe, mpaka jagi, na majirani wakadhani ni ubahili. Seti ya kwanza Bi Kimya aliletewa na mama yake mzazi, aliyesema tu, “Hivi havina kelele, mwanangu.” Siri ya mtungi aijuaye kata, na wanawake wa ukoo ule walikuwa kata kizazi baada ya kizazi.

Leo alikuja dukani na binti yake, harusi ikiwa imekaribia, amnunulie glasi. Glasi hasa, zinazolia ukizigonga kwa ukucha. Hilo ndilo jambo pekee alilobaki akilitamani: mtoto wake aishi kwenye nyumba yenye vitu vya kuvunjika.

“Hizi hapa, mama mkwe,” alisema mwenye duka. “Bwana harusi akinywea maji humu, atadhani ni soda.”

Binti alitabasamu. Akainua glasi moja, akaitazama kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni. Kisha akairudisha taratibu, akaenda mwisho wa duka penye plastiki.

“Mama, hizi zinatosha.”

“Glasi huzitaki?”

“Zinavunjika.”

“Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana!” mwenye duka akadakia, akicheka peke yake.

Bi Kimya alimsogelea bintiye, akashusha sauti. “Amekupiga?”

“Hajanigusa. Ni hasira tu, mama. Anarusha kitu, halafu anaomba radhi. Ana moyo mzuri.”

“Baba yako naye hakunigusa. Mwanzoni.”

Binti alikigeuzageuza kikombe cha plastiki. “Kadi tumeshagawa,” akasema. “Na wewe si ulikaa?”

Hapo ndipo pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, usiende, na mtoto alikuwa amesimama pale akilingoja, macho yakimtoka. Bi Kimya alilitafuta kifuani. Alitaka hata alie, machozi yaseme badala yake, lakini hayakuja. Alichokipata ni sauti ya mama yake tu.

“Nilikaa,” alijibu.

Binti aliinamisha kichwa, akaokota sahani nyeupe ya plastiki. Mama akamnyang’anya polepole, akairudisha, akampa nyingine.

“Chukua za buluu,” alisema. “Nyeupe zinaonyesha mikwaruzo.”