Mgongo wa Baba Mkwe

Mimi Baltazar nilijiumiza mgongo mwenyewe kwa kutafuta sifa, wala simlaumu mtu. Wakwe wapya walikuja kutoka Masakta kupanga harusi ya Oliva, binti yangu wa mwisho, nikataka waone kwamba kwetu Endasak bado kuna wanaume. Nikanyanyua gunia la mahindi peke yangu. Gunia lilifika begani, mimi nikabaki nimejikunja.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na harusi Jumamosi. Nilitembea nikiangalia vidole vyangu vya miguu, na kanisani kuna hatua kama arobaini toka mlangoni mpaka altareni. Oliva akaniuliza, kwa upole kabisa, kama amwambie baba mdogo Isidori ajiandae kumsindikiza. Isidori, mtu ambaye hata shati hachomekei! Iliniuma kuliko mgongo.

Dawa ilikuwepo, tena nyumbani kwangu. Doris, mke wa mwanangu Lukasi, alisomea tiba ya Kichina Arusha, akafungua chumba pale njia panda: sindano, vikombe vya kioo, majani ya kufukiza. Watu wanashuka kwenye bodaboda wamepinda, wanaondoka wamenyooka. Shida ni moja. Kwetu mkwe haoni mgongo wa baba mkwe. Nikiwa nanawa nje kifua wazi, Doris akitokea anageuka na ndoo yake, anarudi alikotoka. Kwa hiyo nilijifanya sitaki mambo ya Wachina.

Mke wangu Juliana hakunibembeleza. Jumatano alitandika mkeka sebuleni, akatundika shuka kwenye kamba. Upande huu mimi, kifudifudi. Upande ule Doris, kwenye kiti.

"Mama, washa pamba yenye spiriti, ipitishe ndani ya kikombe, itoe, ubandike haraka," Doris alielekeza. "Juu ya kiuno. Kushoto kidogo."

Juliana akabandika. Nyama ikavutwa ndani ya kioo. Marehemu baba alikuwa akiumikwa kwa pembe ya ng'ombe, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni raha aliyokuwa nayo mke wangu. Alipofikisha vikombe vinane, nami sina pa kukimbilia, akaketi na kuniuliza lile gunia nilimnyanyulia nani.

"Wageni," nikasema.

"Mgeni gani?"

"Gidamis, baba wa bwana harusi. Aliniita mzee."

Nyuma ya shuka, Doris alishikwa na kikohozi cha ghafla.

Vikombe vilisaidia nusu. Alhamisi niliweza kuona magoti ya watu. Doris akasema zilizobaki ni sindano, na sindano hazichomwi kwa kuelekezwa.

"Mimi nashona mito, sishoni mtu," Juliana akasema.

"Basi toeni shuka," nikasema. "Aingie."

Doris akajibu kwa sauti ndogo, "Baba, mimi siwezi. Kesho nitakuamkiaje?"

Nilimpenda sana kwa neno lile, ingawa lilikuwa linaninyima harusi. Juliana akainuka, akashusha shuka, akanifunika shingo mpaka miguu. Akachukua mkasi, akakata tundu la ukubwa wa sahani usawa wa kiuno. Shuka lake zuri, lile la maua.

"Huyo siyo baba mkwe tena," akamwambia Doris. "Hilo ni tundu. Fanya kazi."

Doris akafanya kazi. Sindano kumi na moja, nyembamba, na sikusikia maumivu, ila kitu kikitambaa mpaka kisiginoni. Nikapitiwa na usingizi. Ijumaa akarudia. Jioni yake niliona paji la uso la Lukasi, na Lukasi ananizidi urefu.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, Oliva alinishika mkono akaniangalia juu mpaka chini.

"Baba, umenyooka."

Tukaenda hatua zote arobaini, kichwa juu. Isidori nilimpita bila kumtazama. Tulipofika mbele, padri akamwita bwana harusi, na kazi yangu ikabaki moja tu, kumwachia mtoto mkono.

Sikuweza. Siku zote zile nilihangaika nifike pale, na sikufikiri hata mara moja nikifika nitatakiwa kufanya nini. Padri alisubiri. Bwana harusi alisubiri na mkono wake hewani. Watu walidhani mgongo umerudi. Oliva peke yake ndiye aliyejua. Akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja, analia huku anacheka, nami nimesimama wima mbele ya kanisa zima, sina hata namna ya kuinama nikaficha uso.