Viwanja Vitano vya Norugol

Siku kumi kabla ya Sikukuu ya Mavuno nilikuta majani yamekatwa katika viwanja vyote vitano vya msitu wa Serikali wa Norugol. Hayakufyekwa ovyo. Yalikatwa kwa mundu, chini kabisa, kama anyolewavyo mtoto, kisha yakarundikwa kandokando chini ya miti.

Katika kiwanja cha kwanza sikushtuka. Majuma hayo kila mwenye wazazi waliolala mlimani hupanda kusafisha makaburi yao, na asiyefanya hivyo husemwa. Nikatafuta tuta la kaburi ili nijue ni la ukoo gani. Hapakuwa na tuta. Nikapanda kiwanja cha pili, kisha cha tatu, mambo yakawa yale yale. Nilipofika cha tano nilikuwa nimekwisha kushika kalamu.

Wakati huo nilikuwa nimelinda msitu ule miaka kumi na tisa, na mezani kwangu palikuwa na waraka kutoka ofisi ya misitu. Kila mahali palipo wazi pangepandwa misonobari mwezi wa nne. Kabla ya hapo nilipaswa kuandika asili ya kila kiwanja: nani alikikata, lini, na kwa kazi gani. Kaburi lililothibitishwa lingeachiwa hatua kumi kila upande. Na mtu yeyote aliyerudi kulima msituni kwa siri angepelekwa mahakamani.

Nilimweleza mkuu wa kijiji, Tak In-bo, jambo nililoliona. Alicheka hata akaweka kikombe chini.

"Mlinzi Pyo, wewe mtu wa kanisa! Humjui mwizi mpaka akuage. Huyo ni Eom Sang-baek. Nani mwingine?"

"Una ushahidi gani?"

"Kazaliwa huko juu, au sivyo? Miaka sita tangu Serikali iwateremshe wale waliolima msituni na kuchoma vibanda vyao, na bado analala kichwa kikielekea mlimani. Mke wangu anaamshwa kila alfajiri na mundu wake, *shwa, shwa*, kwenye jiwe la kunolea. Anatayarisha kupanda jinsengi, ule mzizi wa dawa, nakuambia. Mzizi mmoja tu wa mlimani, ananunua ng'ombe."

Simpendi mtu anayefurahia kosa la mwenzake, lakini maneno yake yaliniingia. Jioni ile nilipita kwa Eom. Alikuwa ameketi barazani akimenya viazi, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mabega ya mbebaji. Suruali yake ilikuwa na madoa ya kijani mpaka magotini.

"Umekata majani, ndugu Eom?"

"Ya ng'ombe, Bwana Mlinzi."

"Ng'ombe yupi?"

Kisu kilisimama juu ya kiazi. Ng'ombe wake alikuwa ameuzwa majira ya kuchipua, na mnunuzi alikuwa shemeji yangu.

"Ng'ombe wa jirani," akasema.

Nilijua amenidanganya, naye alijua kwamba nimejua. Niliaga nikaenda zangu. Tangu shuleni kwa wamisionari nilifundishwa kwamba uongo mdogo ni mlango wa uongo mkubwa, na usiku ule sikuwa na shaka tena juu ya mtu yule.

Kulipopambazuka nilijificha juu ya kiwanja cha tatu. Eom alipanda peke yake akiwa na furushi mgongoni. Nilitazamia mbegu. Alitandika kitambaa, akatoa samaki mkavu, pea mbili na chupa ya pombe ya mchele. Akamimina kikombe, akainama kifudifudi mara mbili, akakaa kidogo. Kisha akafunga kila kitu, akapanda kiwanja cha nne, nami nikimfuata kwa siri, akaanza upya, ingawa huko aliinama upesi na hakukaa. Alipokuwa akitandika kitambaa katika cha tano nilitoka nyuma ya miti.

"Eom! Mtu ana mama wangapi?"

Aliruka, kikombe kikamwagika.

"Mmoja, Bwana Mlinzi."

"Mbona una makaburi matano? Hizo ni ibada, au ni alama za mipaka? Utaniambia kesho kwamba viwanja vyote hivi ni vya ukoo wako?"

"Ningekuwa na akili hiyo ningekuwa mkuu wa kijiji."

Sikucheka. Nilimwamuru aketi, naye akaketi, akafuta mikono yake kwenye majani.

"Mama alifariki nikiwa vitani," akasema. "Baba alimzika peke yake, akapasawazisha. Watu wa huku hawakuweka matuta. Maofisa wa msitu wangehesabu matuta wakajua ni watu wangapi wamejificha. Na baba naye akafa kabla sijarudi, akazikwa chini kijijini. Jirani ndiye aliyeniambia, 'Baba yako alisema amemlaza kiwanjani.' Nikamwuliza, kipi? Hakujua. Nimelima hapa miaka ishirini kwa jembe la mkono, juujuu, nikiogopa kila pigo."

"Kwa nini ulinidanganya jana?"

"Ungeniuliza kaburi liko wapi. Ningekuonyesha nini?" Akaniangalia. "Nasikia mwezi wa nne mnaleta misonobari. Mzee, mizizi itamwingia mama. Mizizi hupenya kifuani, huzunguka mifupa. Panda msitu mzima, panda mpaka jikoni kwangu, lakini si juu yake."

"Sheria inaruhusu kiwanja kimoja, chenye kaburi lililothibitishwa. Chagua."

"Nikichagua vibaya?"

Hapo shaka yangu ilirudi kwa nguvu, maana ningeweza kudhani hadithi hii imetungwa na mtu anayetaka vyote vitano. Kwa hiyo nilimhoji kama ninavyomhoji mtu aliyekutwa na shoka. Akajibu bila kusita. Cha kwanza na cha pili vilikatwa na babu yake kwa viazi. Cha tatu kilikuwa na nyumba. Cha tano kilikuwa cha mahindi. Na cha nne?

"Tanuri la mkaa la baba."

"Kumbukumbu ya kifo cha mama yako mnaifanya siku gani?"

"Tarehe tisa, mwezi wa kumi na mbili."

"Mwezi wa kumi na mbili, Norugol," nikasema. "Ardhi imeganda kwa baridi mkono mzima kwenda chini. Mzee mmoja, hana msaidizi. Angechimba wapi?"

Alinielewa, na uso wake ukabadilika kwa hasira.

"Kwenye majivu? Unasema baba alimlaza mkewe jivuni kama mbwa? Huko mimi huinama kwa adabu tu, ili nisiache hata kimoja!"

"Nasema alimlaza mahali pekee palipokuwa na joto."

Eom akachukua furushi, tukateremka kiwanja cha nne pamoja. Nilichimba kwa koleo langu dogo mahali patatu, na kila mahali palikuwa sawa: shubiri moja ya weusi wa mkaa, kisha udongo wa manjano safi. Mara ya nne, upande wa juu, weusi na manjano vilikuwa vimechanganyika, na mchanganyiko ule ulishuka mpaka kiwiko changu, ukaendelea. Nilitaka kuendelea nami. Eom akanishika mkono.

"Basi. Unataka kumwona usoni?"

Nikaacha koleo. Lakini neno "limethibitishwa" si neno la kuandikwa kwa huruma.

"Niambie jambo moja. Je, baba yako hakuwa na shimo la viazi hapa, la kuhifadhia wakati wa baridi?"

Nilimtazama machoni. Neno moja, "hapana," lingempa kila alichokitaka, na hapakuwa na mtu aliye hai wa kumpinga. Alitazama udongo ule. Midomo yake ililijaribu neno hilo mara mbili.

"Sikumbuki," akasema. "Labda lilikuwapo. Kweli, Mzee, sikumbuki."

Nimewahoji watu wengi katika kazi ile. Sikupata kumwona mtu akilitupa neno lililokuwa tayari kumwokoa. Niliufukia udongo, nikaketi juu ya jiwe, nikaandika juu ya goti langu: viwanja vinne, mashamba na makazi ya zamani, vipandwe. Kiwanja cha nne, tanuri la mkaa, na kaburi moja, limethibitishwa. Nikatia sahihi.

"Na kama ni viazi?" akauliza.

"Basi nitajibu mimi, kwa jina langu. Na vile vinne vitapandwa. Hilo siwezi kukusaidia."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, akivitazama vile viwanja vingine kati ya miti. Kisha akatandika kitambaa chake, akamimina kikombe, akainama mara mbili, na safari hii alikaa.

"Nisomee ulichoandika."

Nikamsomea.

"Soma tena, kwa sauti. Mama hakuwa akisikia vizuri."

Mimi ni mzee wa kanisa, na siamini kwamba wafu husikia karatasi za Serikali. Nilivua kofia nikasoma tena, kwa sauti.